Kokoto za reli ukanda wa Mwanza: rada ya ardhini au shimo na chekeche?

Ukiwa na kilomita 30 za reli kusini mwa Fela, mkoani Mwanza, na fedha za kusafisha kokoto za kilomita sita tu, swali ni moja: kilomita sita zipi? Macho peke yake yatakudanganya. Kokoto za juu huoshwa na mvua zikang'aa, ilhali sentimita 20 chini yake nafasi zote zimejaa unga wa mawe na tope. Ukiona tope limepanda juu ujue ugonjwa umeshakomaa. Pale unapoanza hapana alama yoyote.

Njia mbili hushindana kwenye meza ya mipango. Ya kwanza ni ya zamani: kuchimba shimo kati ya mataruma (vipande vya chuma, mbao au zege vinavyolazwa chini ya reli kuibeba), kutoa kokoto, kuzipitisha kwenye machekeche na kupima. Ya pili ni rada ya ardhini, inayotuma mawimbi ya redio ndani ya kokoto na kusikiliza yanavyorudi. Wauzaji wa huduma ya rada husema shimo limepitwa na wakati. Mafundi wengi wa njia husema rada ni michoro isiyosomeka. Msimamo wetu ni kwamba kwenye njia ya Mwanza rada haiondoi shimo, bali inakuonyesha pa kulichimba. Na kabla hujauliza bei ya rada, uliza kwanza reli yako imelala juu ya mataruma ya aina gani.

Tunapima nini hasa

Kokoto hubeba taruma, huishika reli isihame, na hupitisha maji. Kazi zote tatu zinategemea nafasi tupu zilizo kati ya jiwe na jiwe. Nafasi hizo zikijaa, maji hukaa. Gurudumu likipita, taruma hulifinyanga tope na kulisukuma juu, kisha hubaki likining'inia. Genge la wafanyakazi wa njia likishindilia kokoto leo, baada ya mvua mbili tatu reli imelala tena palepale.

Kipimo kinachotumika sana ni kile cha watafiti Selig na Waters cha mwaka 1994. Chukua asilimia ya uzito inayopita chekeche la milimita 4.75, ongeza asilimia inayopita chekeche la milimita 0.075. Unga laini kabisa unahesabiwa mara mbili kwa makusudi, maana ndio unaoziba maji. Jumla ikiwa chini ya 1, kokoto ni safi. 1 hadi chini ya 10, safi kiasi. 10 hadi chini ya 20, chafu kiasi. 20 hadi chini ya 40, chafu. 40 na zaidi, chafu sana. Kwa mfano, sampuli ya kilo 50 ikitoa kilo 9 zilizopita chekeche la 4.75, na kati ya hizo kilo 2.5 zikapita la 0.075, una asilimia 18 na asilimia 5, yaani 23. Hizo ni kokoto chafu.

Watafiti haohao walikuta huko Amerika Kaskazini kwamba asilimia 76 ya uchafu ilitokana na mawe yenyewe kuvunjika, na asilimia 3 tu ilitoka kwenye udongo wa tuta. Takwimu hizo usizihamishie wilayani Kwimba bila kupima. Kwenye njia inayovukwa na makundi ya ng'ombe kila siku, na yenye tuta lililokaa juu ya udongo mweusi, mgawanyo unaweza kuwa tofauti kabisa, na dawa pia hubadilika: kokoto zinazojivunja zinataka mawe magumu zaidi, lakini tope linalopanda kutoka chini linataka mifereji na tabaka la kuchuja. Hapo ndipo shimo lina faida kubwa. Shimo linakuonyesha uchafu ni wa rangi gani, nao ukiwa mweusi na wenye kunata, jibu limeshapatikana kabla ya kufika maabara.

Shimo na chekeche

Kikosi cha watu wanne chenye sururu, beleshi, turubai, viroba na mizani kinatosha, pamoja na mshika bendera kila upande na kibali cha kuzuia treni. Fukua kati ya mataruma mawili hadi ufikie kina cha chini ya taruma, na utenge hizo kokoto za juu. Kisha chukua sampuli kwa tabaka: sentimita 15 za kwanza chini ya kimo hicho kwenye kiroba kimoja, 15 zinazofuata kwenye kingine. Ukichanganya tabaka, kokoto safi za juu zitazificha zilizooza chini. Mwaga kila kitu juu ya turubai, wala usimwage kando ya njia, kwa sababu unga laini ukishapotea kwenye nyasi au upepo hutaupata tena, na huo unga ndio unaoutafuta.

Ukubwa wa sampuli ndipo watu wanapokosea zaidi. Jiwe la graniti la milimita 60 lina uzito wa karibu gramu 300. Kwenye sampuli ya kilo 5 jiwe hilo moja ni asilimia 6 ya uzito wote: likiingia au likitoka kwa bahati, jibu linayumba. Kwenye kilo 50 ni asilimia 0.6. Kwa hiyo kilo 50 kwa kila tabaka ndiyo inayoaminika, hata kama wabebaji watanung'unika. Kosa la pili ni kuchekecha kokoto zikiwa kavu bila kuziosha. Udongo mweusi hung'ang'ania jiwe kama gamba. Usipoosha kwa maji juu ya chekeche la 0.075 utaandika asilimia 1 mahali penye 6.

Kosa la tatu huja baada ya kazi. Shimo lililofukiwa bila kushindiliwa vizuri huacha taruma mbili zikining'inia. Rudisha kokoto kwa tabaka, shindilia, pima kimo cha reli mbili kwa geji, na uache amri ya kupunguza mwendo hadi treni kadhaa zipite.

Kwa kasi hiyo kikosi kimoja hufanya mashimo manne hadi sita kwa siku, kutegemea treni. Sasa hesabu: shimo moja kila mita 100 kwa kilomita 30 ni mashimo 300, yaani kama siku 60 za kazi. Na baada ya siku zote hizo, ikiwa kila shimo lina urefu wa nusu mita, umeona nusu ya asilimia moja ya njia. Kilichobaki umekikisia. Udhaifu wa shimo ni huo mmoja, lakini ni mkubwa.

Rada inavyoona

Mawimbi ya rada hukimbia angani mita 0.3 kwa kila nanosekunde. Yakiingia kwenye kitu hupungua mwendo kulingana na thamani ya dielektriki ya kitu hicho: gawanya 0.3 kwa kipeuo cha pili cha thamani hiyo. Hewa ni 1, maji ni karibu 80. Kokoto za graniti zilizo safi na kavu zimepimwa maabara zikapata kama 3.0, zilizochakaa na kavu, 4.3, zilizochakaa zenye unyevu wa asilimia 5, 7.8, zilizochakaa na kujaa maji, zaidi ya 38. Zile safi, hata zikipata unyevu huohuo wa asilimia 5, hufika 3.5 tu. Angalia vizuri: kinachobadilisha namba kwa nguvu ni maji, na uchafu huonekana kwa sababu unashika maji. Hilo litarudi tukizungumzia msimu.

Wimbi likirudi baada ya nanosekunde 4, limetoka kina gani? Kwenye kokoto safi, sentimita 35. Kwenye zilizochakaa kavu, 29. Kwenye zilizochakaa zenye unyevu, 21. Saa ni ileile, kina ni tofauti. Mkandarasi akikuletea mchoro wenye mhimili wa kina uliotokana na thamani moja ya dielektriki kwa kilomita 30 nzima, mrudishie. Mahali pachafu pataonekana pana kokoto nene kuliko uhalisia, na hapo ndipo ulipotaka ukweli.

Kuchagua antena ni kuchagua unachotaka kuona. Antena ya megahezi 400 ina urefu wa wimbi wa kama sentimita 43 ndani ya kokoto kavu, na hutenganisha tabaka zilizopishana kwa robo yake, sentimita 11 hivi. Inafika mita mbili au zaidi kwenye mchanga mkavu. Hiyo ni ya tuta na moramu. Kokoto zenyewe haiwezi kuzichambua. Antena ya gigahezi 1 hutenganisha sentimita 4 na hufika karibu mita moja. Ile ya gigahezi 2, yenye umbo la tarumbeta na kuning'inizwa hewani, ina wimbi la kama sentimita 9, hutenganisha sentimita 2, na haifiki mbali, nusu mita hivi. Lakini ina sifa ambayo nyingine hazina: wimbi lake halizidi sana ukubwa wa mawe na nafasi zake, kwa hiyo kila nafasi tupu hulitawanya. Kokoto safi kwenye mchoro wake huonekana kama chengachenga. Nafasi zikijaa unga, chenga hupotea na picha hutulia. Unasoma uchafu kwa kina ambacho mtawanyiko umezimika, hata kama hakuna mstari wa tabaka unaoonekana.

Kwa kokoto za njia ya Mwanza tungechagua gigahezi 2 pamoja na megahezi 400 kwenye safari ileile. Ukilazimika kubaki na moja, baki na gigahezi 1, ukijua kwamba haiko bora kwa lolote kati ya hayo mawili.

Mataruma ya chuma

Hapa ndipo miongozo ya Ulaya na Marekani humwacha mtu wa Mwanza njiani, maana imeandikwa kwa zege na mbao. Reli yenye upana wa mita moja kutoka Tabora hadi Mwanza, iliyokamilika mwaka 1928, ni ya ukoo wa njia zilizotumia sana mataruma ya chuma. Mbao haina tatizo kwa rada. Zege lenye nyaya hupunguza mawimbi lakini huyapitisha. Chuma hakipitishi kitu. Wimbi likigonga taruma la chuma hurudi lote, na hujirudia mara kadhaa kama mwangwi, likiacha michirizi inayoshuka kwenye mchoro hadi chini.

Unabaki na upenyo kati ya taruma na taruma. Tuseme kutoka katikati ya taruma hadi katikati ya jingine ni sentimita 70 na upana wa taruma ni 25: upenyo ni sentimita 45. Ukipima kila sentimita 5 unapata vipimo tisa, lakini vile vya kando vimechafuliwa na chuma cha pembeni, kwa sababu antena haitazami kama uzi, inatazama kama tochi. Vitatu au vinne ndivyo vitakavyofaa. Ukipima kila sentimita 2 unapata zaidi ya ishirini, na kama kumi vinafaa. Kwa hiyo kwenye mataruma ya chuma dai vipimo kila sentimita 2, liandike kwenye mkataba, na mwambie mchakataji wa data avitupe vyote vilivyo juu ya taruma kabla ya kuchuja chochote. Akichuja kwanza, michirizi ya chuma husambaa hadi kwenye upenyo na huwezi kuitoa tena.

Reli ya mita moja ina shida nyingine ndogo. Antena ikiwa katikati, kila upande iko nusu mita tu kutoka kwenye reli. Kwenye SGR, reli mpya ya kisasa yenye upana wa milimita 1,435, ni kama sentimita 72. Ukiinua antena juu zaidi ili isigonge chochote, tochi yake hupanuka na kuzishika reli zote mbili. Ishushe kadiri usalama unavyoruhusu, na kimo hicho kisibadilike kutoka mwanzo hadi mwisho.

Njia nyingine ni kuweka antena kwenye mabega ya kokoto, nje ya ncha za mataruma, kila upande moja. Hapo unapata mstari usiokatika, na bega chafu ni habari muhimu kwa sababu ndilo mlango wa maji kutoka. Lakini bega likiwa safi, usiseme katikati ni safi. Tunachojua kwa hakika ni kwamba kokoto zilizo chini ya taruma la chuma lenyewe, ambazo ndizo zinazobeba gurudumu, rada haitaziona kamwe. Kwa njia ya chuma, mashimo hayapungui chini ya mawili kwa kilomita, hata rada ikiwa nzuri namna gani.

Udongo wa Usukuma na maji ya ziwa

Wasukuma waliupa udongo wao majina kabla ya ramani yoyote: luseni, mchanga wa miinuko karibu na mawe ya graniti, itogolo, mchanga uliokaa juu ya tabaka gumu lisilopitisha maji, na mbuga, udongo mweusi wa mabondeni unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Reli inayoshuka mlima na kupanda mwingine hupita kwenye zote tatu, na kila moja humjibu rada kwa namna yake. Ukijua mpangilio huo, utajua wapi uiamini.

Kwenye luseni rada hufika mbali, lakini mchanga mkavu ukiingia ndani ya kokoto kavu, thamani zake za dielektriki zinakaribiana na tofauti haionekani. Hapo antena ya 400 itakuambia kila kitu ni shwari. Mtawanyiko wa gigahezi 2 pekee ndio utakaokushtua kwamba nafasi zimejaa. Kwenye itogolo tabaka gumu huonekana vizuri, kama mstari mnene. Hapo tembea kwa miguu pia: majaruba ya mpunga yaliyoegemea tuta huweka maji wiki nyingi, na rada itaonyesha unyevu bila kukuambia kwamba chanzo kiko nje ya uzio wa reli.

Mbuga iliyolowa ndiyo kaburi la rada. Udongo wenye upitishaji umeme wa 0.1 siemensi kwa mita na thamani ya dielektriki ya 25 hulipunguza wimbi kwa kama desibeli 33 (kipimo cha nguvu inavyofifia) kila mita, kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Mita moja chini na kurudi umepoteza desibeli 66. Chini ya kokoto utaona mpaka wa tope, kisha giza. Mpaka wenyewe una thamani, kwa sababu unaonyesha mahali tope lilipopanda na kutengeneza mabakuli chini ya reli, lakini mtu akikuuzia picha ya mita mbili ndani ya mbuga mwezi wa Aprili, usimlipe.

Karibu na maji, kama kwenye njia za bandari ya Mwanza South ambako mabehewa hupakiwa kwenye meli kwenda Port Bell, Uganda, watu huogopa kwamba ziwa litaiua rada. Hofu hiyo inafaa Tanga au Dar es Salaam. Maji ya bahari hupitisha umeme karibu mara 500 kuliko maji ya Ziwa Victoria, ambayo yana chumvi kidogo sana. Kimo cha maji chini ya tuta kitaonekana kama mwakisiko mkali na safi, na ziwa linapopanda kama lilivyofanya mwaka 2020 na 2024, kipimo hicho ni cha thamani. Kinachosumbua kwenye maeneo ya bandari na karakana ni mafuta. Dizeli ina thamani ya dielektriki ya kama 2. Kokoto zilizogandamana kwa mafuta na vumbi hazishiki maji kama tope, na rada inayotafuta unyevu itazipa alama nzuri. Kwenye njia za kupakia mafuta tumia shimo moja kwa moja.

Lini

Rada na shimo havitaki siku ileile. Kwa uchafu wa kokoto, siku nzuri ya rada ni ya pili hadi ya tano baada ya mvua ya kutosha ya vuli au masika. Kokoto safi zinakuwa zimeshatoa maji. Chafu bado zimeyashika, na tofauti kati ya 3.5 na 7.8 inajionyesha yenyewe. Siku ya mvua yenyewe kila kitu kimelowa na unapima mvua. Mwezi wa Julai, kiangazi kikiwa kimekaza, safi na chafu hukaribiana, na orodha ya mahali pabaya itatoka fupi kuliko ukweli. Kwa tuta na udongo wa chini, geuza: Agosti na Septemba, mbuga ikiwa imekauka, ndipo antena ya 400 hufika mbali kuliko wakati wowote. Bajeti ikiruhusu safari moja tu, nenda baada ya mvua, kwa sababu swali la kokoto ndilo linalokuja kwanza.

Toroli au gari

Toroli ya mkono kwa mwendo wa kilomita 3 kwa saa humaliza kilomita 30 kwa saa kumi. Ukipita mara tatu, bega la kushoto, katikati na bega la kulia, ni saa thelathini, yaani wiki nzima pamoja na kupisha treni. Gari la reli lenye antena tatu hufanya yote asubuhi moja. Lakini kumbuka sentimita 2 za mataruma ya chuma: kwa kilomita 60 kwa saa kila antena ingelazimika kupima mara 833 kwa sekunde. Kwa kilomita 25 kwa saa ni kama mara 350, kiasi ambacho ni rahisi kukipata. Chini ya kilomita kumi tungechukua toroli. Ni rahisi kuipakia kwenye pikapu, na mtu anayeisukuma anaona mtaro ulioziba huku akipita. Uchakataji huchukua wiki moja hadi mbili kwa vyovyote vile, na watu husahau kuuweka kwenye ratiba.

Mahali ambapo data za rada huharibika

Umbali kwanza. Gurudumu la kupimia likiteleza kwa asilimia 1 tu, baada ya kilomita 10 umekosea mita 100, na mashimo yatachimbwa mahali pasipo na ugonjwa, kisha lawama zote ziende kwa rada. Weka alama kwenye data kila nguzo ya kilomita, kila kalavati, kila kivuko. Makalavati yanafaa kuliko GPS hapo, kwa sababu yanaonekana ndani ya mchoro wenyewe.

Mwanzo wa saa ya wimbi huhama kifaa kikiwa bado hakijapata joto. Kiwashe dakika 20 kabla. Kwa antena za tarumbeta, laza bati la chuma pana chini yake na urekodi asubuhi na jioni: bila kipimo hicho hakuna namna ya kujua kama nguvu ya wimbi ya leo ni sawa na ya jana. Simu za upepo za mshika bendera zizungumziwe mbali na antena, na minara ya simu iandikwe kwenye daftari, kwa maana huacha mistari inayofanana na tabaka.

Na lipo kosa la ofisini ambalo limeharibu kazi nyingi nzuri. Programu huwa na kitufe cha kukuza mawimbi kiotomatiki ili picha ipendeze. Kwa kutafuta tabaka si vibaya. Kwa kusoma mtawanyiko ni uharibifu, kwa sababu kinasawazisha nguvu ya mawimbi kila mahali, wakati tofauti ya nguvu hiyo ndiyo kipimo chako. Dai data ghafi pamoja na ripoti, na uliza kwa maandishi ni ukuzaji gani uliotumika.

Vya pembeni

Geji na uzi wa kupimia ulalo wa reli vinaonyesha dalili, wala si chanzo. Lakini daftari la nyapara linaloonyesha genge limerudi kushindilia wapi na mara ngapi ni data ya bure, na tungeisoma kabla ya kulipia chochote. Kipima-udongo cha kugonga, chenye nyundo ya kilo 8 inayoanguka milimita 575, kinapima nguvu ya tuta vizuri sana, ila kianzishe chini ya shimo. Kokoto zitaupindisha ufito wake wa chuma. Kupima kwa umeme kwa vigingi kunafaa palepale rada inaposhindwa, kwenye mbuga iliyolowa, ingawa ni polepole na hakuoni kokoto kwa undani.

Kwa hiyo, ukichagua

Kipande kisichozidi kilomita mbili, njia za stesheni, au mahali penye mafuta: chimba, usitafute rada. Tofauti ya gharama haitarudi.

Kilomita 30 zile za kusini mwa Fela, zikiwa na mataruma ya chuma: rada kwa gari, antena tatu, sentimita 2, siku chache baada ya mvua. Kisha mashimo 60, na usiyapange kwa mita sawa. Theluthi mbili yaende mahali rada inaposema pachafu au inaposita, theluthi moja mahali inaposema pasafi, maana bila hiyo theluthi hutajua rada inakosea wapi. Kwa matokeo ya mashimo hayo rekebisha mizani ya rada kwa kokoto za hapa, kisha chora ramani upya. Ni kama siku 12 za kikosi badala ya 60, na njia yote imeonwa, isipokuwa kilicho chini ya chuma.

Mataruma yakiwa ya mbao au zege, mashimo 30 yanatosha kwa urefu huohuo.

Kwa SGR ya Mwanza hadi Isaka, yenye kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, uamuzi ni rahisi kuliko wote na ndio unaoelekea kusahaulika. Mataruma ni ya zege na nafasi ya kuweka antena ni pana. Njia ipimwe kwa rada kokoto zikiwa bado safi, kabla ya treni za mizigo kuzoea kupita, pamoja na mashimo machache ya kusawazisha kwenye kila chimbo la mawe lililotumika, kwa sababu mawe ya chimbo moja hayajibu sawa na ya jingine. Data ghafi zihifadhiwe kwa nguzo za kilomita na kwa kimo cha antena kilichoandikwa. Miaka mitano baadaye, safari ya pili kwa mpangilio uleule, mwezi uleule, idadi ileile ya siku baada ya mvua, italinganishwa na ya kwanza, na mita ambazo mtawanyiko wake umeanza kuzimika zitajitokeza zenyewe wakati bado zinatibika kwa mfereji.